Mcheza Kwao Hutunzwa?

Juu ya filamu «This Sporting Life» na vijana wanaokwenda kucheza kwa watu

Vijana wetu wengi wanapoota, wanaota mpira. Wanajiona wamevaa jezi ya klabu ya Ulaya, watu maelfu wanaimba jina lao, na mama yao anajengewa nyumba ya matofali. Hatuwacheki. Kijana asiye na ndoto amezeeka kabla ya wakati wake. Lakini ndoto huonyesha upande mmoja tu wa safari. Ni afadhali mtu auone na upande wa pili akiwa bado nyumbani, kabla baba hajauza ng'ombe kwa ajili ya nauli.

Kwa sababu hiyo tumetazama tena filamu moja ya Waingereza, nasi leo tunataka kuipima pamoja nanyi. Jina lake ni «This Sporting Life». Ilitoka mwaka 1963, na picha zake ni nyeusi na nyeupe. Aliyeiongoza ni Lindsay Anderson. Hadithi aliitunga David Storey, mwana wa mchimba makaa wa mji wa Wakefield, katika kitabu chake cha mwaka 1960. Storey aliyajua aliyoyaandika. Alipokuwa kijana alisomea uchoraji London, na siku za michezo alipanda treni kwenda kaskazini kuichezea klabu ya Leeds kwa fedha.

Filamu hii haisemi juu ya mpira wa miguu. Inasema juu ya mchezo usiojulikana sana kwetu, yaani raga ya wachezaji 13. Lakini kila aliyewahi kumwona kijana akipimwa mabega na wenye fedha ataielewa bila mkalimani.

Mchezo wa watu wa kazi

Tuueleze kwanza mchezo wenyewe, kwa kifupi. Mpira wa raga ni mrefu kama yai. Mchezaji huubeba mikononi na kukimbia nao. Akitaka kumpa mwenzake, humtupia aliye nyuma yake, si aliye mbele. Adui humkamata mwilini na kumwangusha chini. Akifaulu kupita na kuugusisha mpira ardhini nyuma ya mstari wa adui, amefunga trai. Ni mchezo wa mbio, na pia wa mifupa.

Zamani raga ilikuwa moja, ya watu 15. Kaskazini mwa Uingereza, katika Yorkshire na Lancashire, waliocheza wengi walikuwa wachimba makaa na watu wa viwanda. Jumamosi nayo ilikuwa siku ya kazi, na aliyekwenda kiwanjani alipoteza mshahara. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kuwarudishia mshahara ule. Wakubwa wa raga walikataa. Walisema kwamba mchezo ni wa kupenda, si wa fedha. Neno zuri, lakini mwenye mali hapotezi kitu akicheza bure. Maskini hupoteza chakula cha watoto.

Basi tarehe 29 Agosti 1895, klabu za kaskazini zilikutana katika hoteli moja ya mji wa Huddersfield, zikajitenga. Zilikubali kumlipa mchezaji shilingi 6 kwa siku ya kazi aliyoipoteza. Mwaka 1906 zilipunguza wachezaji kuwa 13, na hapo ikawa michezo miwili. Wale wa 15 waliweka adhabu kali: aliyepokea fedha upande wa 13 alifungiwa mlango wao maisha yake yote. Mlango huo haukufunguliwa mpaka mwaka 1995, raga ya 15 nayo ilipokubali kulipa wachezaji wake. Shikeni neno hili, maana tutalirudia.

Hadithi ya Frank

Sasa tuje kwenye filamu. Frank Machin ni mchimba makaa, kijana mwenye nguvu na hasira. Amepanga chumba kwa mjane mmoja, Bibi Hammond, mwenye watoto wawili wadogo. Mumewe alikufa kazini, katika kiwanda cha tajiri aitwaye Weaver. Viatu vya marehemu viko bado karibu na moto, na mjane anavipiga rangi kana kwamba mwenyewe atarudi jioni.

Frank anaona jinsi wachezaji wa raga wanavyoheshimiwa mjini. Naye anataka heshima ile. Anamwomba mzee mmoja, Johnson, amfikishe kwa wakubwa wa klabu ili ajaribiwe. Anajaribiwa, anapigana kama simba, na wakubwa wanampenda. Wanamwita mezani. Yeye anataja bei yake, pauni 1,000, nao wanaandika hundi. Na tajiri wa klabu ni nani? Ni Weaver yule yule.

Frank anakimbia nyumbani na karatasi yake. Anangoja mjane afurahi. Mjane hafurahi. Katika nyumba ile mume alitoa uhai wake kwa Weaver, na sasa mpangaji analetewa na Weaver huyo huyo fedha nyingi hivi kwa sababu anajua kuangusha watu. Mwanamke huyu atafurahije?

Tangu hapo Frank anapanda na kuanguka kwa pamoja. Ana gari, ana nguo nzuri, watoto wa njiani wanamjua. Mzee Johnson, aliyemfungulia mlango, anasahauliwa. Bibi Weaver anataka kumchezea kama kitu kipya kilichonunuliwa. Frank anampenda mjane, lakini hajui kupenda ila kwa kutoa vitu au kwa kutumia nguvu. Anampeleka kula mahali pa matajiri, na huko anafanya fujo mpaka mwanamke anaona haya. Anamvika koti la manyoya. Majirani wanalitazama koti na kusema yao. Mwisho wanagombana vibaya na Frank anaondoka. Anaporudi kutafuta amani, mjane yuko hospitali, damu imevuja katika ubongo, naye anakufa pasipo kusema neno. Picha za mwisho zinatuonyesha Frank kiwanjani tena, katika matope, amechoka, na watu wanapiga kelele.

Mambo yanayotendwa vizuri

Tuseme kwanza yaliyo mema, kwa maana ni mengi.

La kwanza, filamu haisemi uongo juu ya mwili. Inaanza na meno ya Frank yanayovunjwa katika mchezo. Anapelekwa kwa daktari wa meno, na katika usingizi wa dawa anaanza kukumbuka mambo ya nyuma. Hivyo nusu kubwa ya hadithi tunaisikia kutoka kinywa kilichojaa damu. Filamu nyingi za michezo zinaonyesha kikombe na maua. Hii inaonyesha bakuli ya daktari. Ilipigwa katika viwanja vya kweli, kile cha Wakefield Trinity na kile cha Halifax, na matope yake ni matope ya kweli. Mzazi anayefikiri kwamba mchezo wa kulipwa ni mchezo tu, aitazame nusu saa ya kwanza.

La pili, filamu imeona vema mkono ulioshika hundi. Mwenye kiwanda ndiye mwenye klabu. Mtu mmoja anatumia mikono ya wengine siku sita, na mabega ya mwingine siku ya mchezo. Mtunzi hamchori Weaver kama shetani. Anamchora kama mtu mwenye adabu, anayecheka, anayempa kijana usafiri katika gari lake. Ndivyo ilivyo mara nyingi. Anayekununua hana haja ya kukutukana. Anakuuliza habari za nyumbani, na huku macho yake yanapima miguu yako.

La tatu, na hili ndilo kubwa: filamu imeelewa kwamba bei humwingia mtu moyoni. Siku Frank alipotaja pauni 1,000 na kukubaliwa, alidhani ameambiwa thamani yake. Tangu siku ile anajipima kwa kipimo kile, na wengine pia anawapima hivyo. Ndiyo sababu ya koti la manyoya. Yeye mwenyewe amenunuliwa na akaona ni heshima. Basi kwa nini mwanamke asione heshima akinunuliwa naye? Hakuna padre wala mwalimu anayelisema jambo hili katika filamu. Tunaliona tu, koti likiwa mabegani na uso wa mwanamke ukiwa umekufa. Rachel Roberts, aliyemwigiza mjane, anatuonyesha hayo kwa kunyamaza. Richard Harris, aliyemwigiza Frank, alipewa zawadi ya mwigizaji bora huko Cannes mwaka 1963, na hatuoni kama alipendelewa.

Iko picha moja tunayoipenda kupita zote. Frank anawapeleka mjane na watoto matembezini, mtoni, karibu na magofu ya monasteri ya kale. Anacheza na watoto. Mabega yale yanayovunja watu kila wiki yamekuwa farasi wa mtoto mdogo, na hakuna anayelipa kiingilio. Kwa dakika chache mjane anakaribia kutabasamu. Hapo tunajua Frank angeweza kuwa mtu wa namna gani.

Mambo yaliyosahauliwa

Lakini tusiisifu filamu mpaka tukapofuka. Ina makosa, na mengine si madogo.

Kifo cha mjane kinakuja upesi mno. Mtunzi amewafikisha watu wawili mahali pasipo njia, kisha anamwondoa mmoja kwa ugonjwa ambao hatukuuona ukija. Inafanana na mtu anayekata kamba kwa sababu fundo limemshinda. Tena, majirani wote wa filamu ni ndimi tu. Wanachungulia madirisha, wanasengenya, wanacheka. Hakuna hata mmoja anayeleta sahani ya chakula. Je, mji mzima wa wachimba makaa, watu wanaotegemeana uhai wao chini ya ardhi, haukuwa na jirani mmoja mwema? Sisi hatusadiki.

Kosa la tatu linatugusa zaidi. Katika miaka ile ile, viwanja vile vya kaskazini vilikuwa na vijana waliotoka mbali: wana wa wageni weusi wa bandari ya Cardiff, na Waafrika wa Kusini. Nao walitajiwa bei, nao walivunjwa meno. Filamu inamtazama mwenyeji anayekuwa mgeni katika mji wake mwenyewe. Ni sawa, mtunzi ana haki ya kuchagua. Lakini anayetazama leo atadhani hadithi ya mchezaji wa kulipwa ni hiyo tu: kununuliwa, kuharibika, kubaki peke yako. Basi tuiweke filamu kando kidogo, tutazame watu watatu walioishi kweli.

Billy Boston

Wa kwanza alizaliwa mwaka 1934 katika mtaa wa bandari wa Cardiff, nchi ya Wales, mtaa ambao mabaharia waliuita Tiger Bay. Baba yake alitoka Sierra Leone, pwani ya Afrika ya Magharibi. Billy Boston alicheza raga ya watu 15, naye alitamani jambo moja: kuichezea klabu kubwa ya Cardiff, kisha Wales. Mbio alikuwa nazo, nguvu alikuwa nazo. Klabu ya mji wake haikumwita.

Mwaka 1953 waliomwita walikuwa wageni, watu wa klabu ya Wigan, ya raga ya 13. Husimuliwa kwamba walifika nyumbani na kuweka noti za pauni 1,000 mezani. Mama yake, akitaka kuwafukuza kwa upole, alitaja pauni 3,000. Wakakubali! Mama alitupa jiwe afukuze ndege, kumbe amebomoa ukuta. Kijana akatia sahihi. Kwa sahihi ile raga ya 15 ilimfungia mlango, na ndoto ya kuivalia Wales jezi ikafa siku hiyo hiyo.

Wasomaji, linganisheni meza mbili hizi. Kwa Frank mezani wapo wakubwa, naye kijana yuko peke yake. Kwa Boston yumo mama. Mama hakushinda, lakini alikuwapo, na hakupiga makofi alipoziona noti. Tunadhani tofauti hiyo si ndogo.

Mwaka uliofuata, hajatimiza miaka 20, Boston alichaguliwa kwenda Australia na New Zealand pamoja na timu ya taifa ya Uingereza, wa kwanza mwenye ngozi nyeusi katika safari kama ile. Alifunga trai 36. Kwa miaka 15 aliivalia Wigan jezi mara 488 na kufunga trai 478. Alioa Wigan, akazaa Wigan, na alipoacha kucheza aliendesha baa karibu na kiwanja. Watu walioanza kwa kumlipa waliishia kumwita wao.

Lakini tusifunike vidonda kwa maua. Mwaka 1957, baada ya Kombe la Dunia huko Australia, timu ya Uingereza ilipitia Afrika ya Kusini kucheza michezo ya maonyesho. Boston hakwenda nayo. Sheria za nchi ile za kutenga watu kwa rangi hazikumruhusu kucheza pamoja na weupe, naye akarudi nyumbani peke yake. Wenzake walikwenda wakacheza. Kijana aliyewafungia trai aliachwa njiani kama mzigo uliozidi, na wakubwa hawakuona sababu ya kuivunja safari. Bei yake ilikuwa imelipwa. Heshima yake ilikuwa haijalipwa.

Clive Sullivan na David Barends

Wa pili ni Clive Sullivan, naye wa Cardiff, mwana wa wazazi waliotoka Jamaika, aliyezaliwa mwaka 1943. Alipokuwa mtoto alipasuliwa miguu mara kadhaa, na waganga waliogopa kwamba hataweza kutembea vizuri. Mwaka 1961 aliingia klabu ya Hull. Mwaka 1972 alikuwa nahodha wa timu ya Uingereza katika Kombe la Dunia nchini Ufaransa, mweusi wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wo wote. Katika mchezo wa mwisho, mjini Lyon, waligongana na Australia 10 kwa 10, na Sullivan alikimbia karibu urefu wote wa kiwanja kufunga trai. Kombe likawa lao, kwa kuwa walikuwa wameshinda zaidi katika michezo ya kwanza. Sullivan alikufa kwa kansa mwaka 1985, akiwa na miaka 42. Mji wa Hull ulikuwa na klabu mbili zinazochukiana, na yeye alizichezea zote mbili bila kuchukiwa. Barabara kubwa ya kuingia mji huo imepewa jina lake. Dereva wa lori asiyejua raga hulisoma jina lile kila siku.

Wa tatu ni David Barends. Huyu ni mgeni kamili, kijana wa Afrika ya Kusini. Kwao hakuhesabiwa kuwa mzungu. Kwa hiyo, hata angekimbia kama upepo, jezi ya taifa haikuwa yake. Hadi mwaka 1981 hakuna asiye mzungu aliyeivaa jezi hiyo katika mchezo kamili wa taifa kwa taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Barends alivuka bahari akaenda kujaribu maisha katika raga ya 13. Na klabu iliyompokea ni ipi? Ni Wakefield Trinity, yenye kiwanja kile ambamo filamu yetu ilipigwa! Matope aliyoangukia Richard Harris kwa kuigiza, Barends aliyaangukia kwa kazi. Baadaye alihamia York, kisha Bradford, na mwaka 1979 aliitwa katika timu ya Uingereza iliyokwenda Australia. Nchi aliyozaliwa ilimnyima jezi. Nchi aliyokwenda kama mgeni ilimpa ya kwake.

Wazee walisema: mcheza kwao hutunzwa. Sisi hatuwabishi wazee. Lakini maisha haya yanatulazimisha kuuliza: kwao ni wapi? Frank wa filamu alicheza kwao, katika mji wa lugha yake na rangi yake, na hakuna aliyemtunza. Boston na Barends hawakutunzwa kwao, walitunzwa ugenini. Na hata huko ugenini, jezi ilikuja kwanza na upendo ukafuata polepole, baada ya miaka ya kukaa, ya kuoa, ya kusalimiana dukani.

Sanamu iliyokawia

Mwaka 2023 mji wa Cardiff ulisimamisha sanamu ya wachezaji watatu karibu na bandari ya zamani. Wawili ni Boston na Sullivan. Wa tatu ni Gus Risman, mwana wa wahamiaji kutoka Latvia, aliyekwenda kuichezea Salford mwaka 1929. Boston alikuwapo siku ya kuifunua, mzee wa miaka 88. Mwaka 2025 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha «Sir», na hakuna mchezaji wa raga ya 13 aliyepewa cheo hicho kabla yake, ingawa mchezo ulikuwa na miaka 130.

Tulifurahi kama wengine. Lakini kazi ya mwenye kupima ni kuuliza hata mbele ya sanamu. Shaba haisemi kwamba mtu huyu alikaa miaka 70 akingoja mji wake umwite. Ikiwa tunawaonyesha vijana sanamu tu, tunawadanganya kwa upande mmoja. Tukiwaonyesha filamu tu, tunawadanganya kwa upande wa pili. Sanamu inasema: vumilia, mwisho ni heshima. Filamu inasema: usijisumbue, mwisho ni matope. Kweli imo katikati, na haipendezi kama sanamu wala haitishi kama filamu.

Hukumu yetu

Je, watu wetu waitazame filamu hii? Watu wazima, ndiyo. Vijana wanaofikiri kwenda mbali, ndiyo, lakini pamoja na mzazi au mwalimu atakayezungumza nao baadaye. Watoto wadogo, hapana. Ndani yake kuna ukali wa mume kwa mke na picha za kitandani zisizofaa macho yao. Tena si nyepesi. Inarukaruka kati ya leo na jana, na asiyekaza macho atapotea katika saa ya kwanza. Asikate tamaa.

Akiisha kuitazama, kijana asiulize tu: nitalipwa kiasi gani? Aulize maswali ambayo Frank hakuyauliza. Nikivunjika mguu, nani atamlipa daktari? Nisipofaulu, nani atalipa nauli ya kurudi? Pasi yangu itakaa mfukoni mwangu au katika kabati la mtu mwingine? Mabega yakichoka, nina kazi gani nyingine mikononi? Wachezaji wengi wa miaka ile ya Boston walikuwa na kazi nyingine katikati ya juma, na waliona ni jambo la kawaida. Tena aulize: huko niendako, yuko nani atakayenijua hata nisipofunga trai?

Na sisi tulio wazazi na jamaa tujiulize pia. Mara nyingi sisi ndio wa kwanza kutaja bei. Mtoto anapopiga mpira vizuri, mjomba anaanza kuhesabu, shangazi anaanza kuhesabu, na jirani anadai kwamba alimnunulia viatu. Kijana anasikia hesabu hizo kila siku. Akifika Ulaya na kukutana na Weaver, hashangai. Ameshazoea. Tulimfundisha nyumbani kwamba yeye ni mabega na miguu.

Mama wa Cardiff alitaja bei ili mtoto wake asiende. Sisi tunataja bei ili aende upesi.

Ikiwa filamu hii itawafanya jamaa wachache wanyamaze kidogo mezani, na kumwuliza kijana habari zake kabla ya kumwuliza habari za fedha, basi itakuwa imefanya kazi nzuri, hata ikiwa na makosa yote tuliyoyataja. Frank alikuwa na mji mzima uliojua bei yake. Hakupata mtu hata mmoja wa kumwuliza, alipoingia mlangoni na karatasi ile mkononi: Mwanangu, umekula?